Barua Kutoka Tawa: Karani Aliyekwenda Kumtazama Mkulima

Wasomaji wapenzi, juma lililopita naliahidi kuwaeleza habari za bei ya ndengu sokoni petu, na wawili wenu mmekwisha kunikumbusha kwa barua. Nawaomba radhi. Ndengu zitangoja, maana jambo lililonipata Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba nimelichukua kifuani muda wa kutosha, na ingawa sehemu yake inanitia haya, nimeona afadhali mlisikie kwangu kuliko kulisikia sokoni.

Wanaonijua hapa Tawa wanajua udhaifu wangu. Mtu mwingine hupenda pombe, mwingine hupenda kesi za mipaka. Mimi napenda sinema. Ugonjwa huu uliniingia nikiwa mtoto mdogo, siku gari la matangazo lilipokuja sokoni jua likichwa, likatundika kitambaa cheupe na kutuonyesha picha, na katikati ya picha likatusifia sabuni. Wakubwa walijaa mbele. Sisi watoto tulikaa nyuma ya kitambaa, mavumbini, tukitazama watu wote wakitumia mkono wa kushoto. Baadaye kikaja kibanda cha video, kuta za mabati na viti vya mbao, na sauti ya DJ Afro ikitufasiria filamu za Kichina na za Kihindi kwa maneno ambayo wachezaji wenyewe wasingeyatambua. Nilipokuwa katika shule ya misheni nalifyeka nyasi majuma mawili kwa kosa la kutoroka usiku kwenda kutazama filamu ambayo, nasikitika kusema, haikuwa nzuri.

Basi mtaelewa jinsi moyo ulivyonidunda nilipopata habari kwamba Nairobi kutakuwa na tamasha la filamu, na kwamba Jumamosi alasiri itaonyeshwa filamu ya mkulima wa Mutomo. Nairobi ina matamasha kadhaa ya namna hii. Mwaka wa 2006 lilianzishwa Kenya International Film Festival. Mwaka wa 2011 wakazi wa Kibera na Mathare wakapata lao, Slum Film Festival. Na mwaka wa 2017 likaja NBO Film Festival, ambalo mmoja wa waanzilishi wake ni Mbithi Masya, jina lenye mlio tunaoujua Ukambani. Huyo ndiye aliyeongoza filamu iitwayo Kati Kati, iliyopata tuzo ya wahakiki huko Toronto mwaka wa 2016. Tamasha nililokwenda mimi lilikuwa dogo kuliko hayo, la siku mbili tu, katika ukumbi wa kukodi, lakini kwa mtu wa Tawa tamasha ni tamasha. Nikalipia tikiti kwa simu majuma mawili mapema, nikaificha habari hiyo moyoni kama mvulana aliyeiba embe.

Sasa nafika penye haya. Kwa wasomaji walio mbali na Ukambani, mwethya ni ushirika wa majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu: leo shambani kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba hapiki uji tu na kungoja. Huwapo jembe mkononi, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kukosa siku ya zamu ya jirani ni kosa linalotozwa faini. Kukosa siku ya zamu ya shamba lako mwenyewe halikuwa na faini iliyowekwa, maana hakuna aliyepata kulifikiria.

Zamu yetu ilikuwa Ijumaa, nami nilikwisha kuomba ruhusa ofisini. Alhamisi jioni mwenyekiti wa mwethya, mama mtu mzima ambaye neno lake halirudiwi mara mbili, akatuma mtoto kutuambia kwamba Ijumaa kuna maziko, basi kazi imesogezwa hadi Jumamosi. Kazi yenyewe haikuwa ya kungoja. Mitaro yetu ya fanya juu ilikuwa imebomoka mahali patatu, na mbegu zilipaswa kuingia ardhini kabla ya matone ya kwanza. Huku kwetu mvua za mwisho wa mwaka ndizo tunazozitegemea zaidi, na ardhi ikiwa kavu ndipo tunapopanda. Anayengoja kuona udongo umelowa ndipo atafute mbegu hufikiwa na jua la Januari mahindi yake yakiwa bado machanga.

Nilimwambia mama watoto usiku huo, kwa maneno mengi ya kuzungukazunguka. Yeye aliendelea kupepeta mbegu katika ungo. Nilipomaliza akasema, "Nenda, Baba. Tikiti hailimi, lakini imekwisha kulipiwa."

Ningalikuwa mtu mwenye busara ningaliyasikia vizuri maneno hayo. Nalisikia "nenda" tu.

Jumamosi niliondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilipopita kando ya shamba letu nikaona taa ya mtu inakuja njiani na jembe begani. Nikavuta kofia usoni. Matatu ikatufikisha Machakos, kisha nyingine ikatuingiza katika barabara kuu ya Mombasa. Karibu na mji utingo alipaza sauti, "Bellevue!" na watu wawili wakashuka. Sijui kama walijua kwamba jina la kituo hicho ni la sinema ya uwanjani, ambapo zamani watu walitazama picha wakiwa wamekaa ndani ya motakaa zao. Mjini ni vivyo hivyo. Odeon leo ni kituo cha matatu, na Globe ni mzunguko wa barabara. Lakini yote mawili yalikuwa majumba ya sinema, nayo yalifungwa. Majumba mengine ya aina hiyo yamekuwa makanisa, na mimi kama Mkristo sipaswi kulalamika, ila nimelalamika kidogo kimoyomoyo.

Niliposhuka Machakos Country Bus nikamkumbuka Mwas, yule kijana wa filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas naye alikuwa mshamba mpenda sinema kama mimi, akaja Nairobi kutafuta uigizaji, na siku ya kwanza tu mjini akanyang'anywa kila kitu. Nikashika mfuko wangu kwa mikono miwili, nikatembea hivyo mpaka ukumbini. Mlinzi wa mlangoni alinitazama sana.

Ukumbi ulikuwa wa baridi kama chumba cha nyama. Vijana walijaa, wenye miwani mikubwa na nywele za kila rangi, na kikombe kimoja cha kahawa kiliuzwa kwa bei ambayo sitaiandika hapa, maana mama watoto husoma barua hizi. Asubuhi zilionyeshwa filamu fupi saba. Mbili nalizipenda, tatu sikuzielewa, na mbili zilizobaki nalilala. Msinilaumu, nilikuwa macho tangu usiku. Mchana nikala mandazi niliyoyachukua nyumbani, nimesimama nje penye kivuli cha ukuta, kisha nikarudi ndani mapema ili nipate kiti cha mbele.

Filamu ile inaitwa Thank You for the Rain, yaani Asante kwa Mvua. Mkulima mwenyewe ni Kisilu Musya wa Mutomo, kusini mwa Kitui, ng'ambo ya Mto Athi ukitazama kutoka kwetu. Mwongozaji Julia Dahr wa Norway alikuja kwake kwa ajili ya filamu ya wakulima na mabadiliko ya hali ya hewa, na Kisilu akapewa kamera ili apige picha za maisha yake mwenyewe. Kazi hiyo ikaendelea miaka mitano, filamu ikatoka mwaka wa 2017, na picha alizopiga mkulima kwa mkono wake zimo tele ndani yake.

Sitawasimulia yote, maana natumaini mtaiona. Lakini nataka mjue ilivyo kukaa katika kiti laini Nairobi na kuona udongo wa kwenu umejaa ukuta mzima. Si udongo wa picha za kalenda. Ni ule wetu, mwekundu, wenye nyufa, wenye miiba ya michongoma ukingoni. Mtu yule anasimama na kutazama mawingu. Vijana ukumbini walingoja jambo litokee. Mimi nilijua kwamba jambo linatokea, kwamba anasoma, kama vile mimi nisomavyo faili, na kwamba lililoandikwa pale juu linaweza kuwa ada ya shule au kukosa ada ya shule. Walipocheka, mimi sikucheka. Mahali pengine nikacheka peke yangu, kwa sababu ya neno la Kikamba ambalo maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalilipita kama basi linavyompita abiria gizani.

Kisha tufani ikaja ikabomoa nyumba yake. Mtu aliyekuwa akiomba mvua akaletewa mvua na upepo wa kumwangushia nyumba. Ukumbi wote ukashusha pumzi kwa pamoja. Binti aliyekaa karibu nami, mwenye daftari mapajani, akaniinamia.

"Kaka, samahani. Nimekusikia ukicheka wakati ule. Wewe unatoka huko?"

"Natoka Tawa, dada. Ni ng'ambo ya mto."

"Na mvua ikikosa, mnafanya nini?"

"Tunapanda tena," nikamwambia.

Akaliandika neno hilo katika daftari lake, akalipigia mstari. Nami nikaona uso unanichoma gizani. Tunapanda! Nani anapanda? Saa ile ile watu kama ishirini walikuwa shambani kwangu wameinamisha migongo, na katika hao mimi sikuwamo. Nilikuwa nimelipa nauli, nimepita njia ya Machakos, nimekaa penye baridi, ili nimtazame mkulima.

Tangu hapo niliitazama filamu kwa jicho jingine. Kisilu anawakusanya majirani, anawahimiza wafanye kazi pamoja ili waweze kustahimili ukame na mafuriko; anakuwa kiongozi; anaalikwa safari za mbali. Ukumbi ulimfuata yeye. Mimi nilikuwa namtafuta Christina, mkewe. Kila picha ilipobadilika nikajiuliza, jembe sasa liko kwa nani? Hata mkulima yule alipofika Paris mwaka wa 2015, kwenye mkutano ule mkubwa ambapo mataifa yalikubaliana kuzuia joto la dunia libaki chini kabisa ya nyuzi 2 zaidi ya lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda, mimi nilikuwa Mutomo. Simlaumu yeye, tuelewane vizuri. Yeye alikwenda kusema juu ya mashamba yetu mbele ya wenye mioshi. Mimi nilikwenda kutazama.

Filamu ilipokwisha wakawasha taa, wakakaa watu watatu jukwaani, kipaza sauti kikazungushwa. Maswali yalikuwa mengi, ya aina za kamera na ya fedha za kutengenezea filamu. Kilipofika kwangu nikasimama na kofia mkononi, nikauliza, "Filamu hii itafika Tawa lini?" Wakanipigia makofi. Nikangoja. Kipaza sauti kikapewa mtu mwingine.

Katika gari la kurudi sikupata usingizi, nikawa nafikiri. Wasomaji, sinema ilipoletwa mashambani Afrika ya Mashariki, haikuletwa ili mkulima aseme. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 palikuwa na kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Walitengeneza filamu 35, nyingi zikiwa za kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baadaye, tangu mwaka wa 1939 hadi 1955, ikawako Colonial Film Unit ya Serikali ya Uingereza. Mkuu wake, Bwana William Sellers, alishikilia kwamba mtu wa kijijini Afrika huelewa tu picha zinazokwenda polepole, jambo moja baada ya jingine, bila kurukaruka. Natamani Bwana Sellers angaliingia katika kibanda chetu cha video aone watoto wa miaka minane wakifuata vita vya Wachina, maneno ya DJ Afro na ugomvi wa benchi la nyuma, vyote kwa wakati mmoja.

Katika filamu hizo mkulima alisimama mbele ya kamera, akaonyeshwa jinsi ya kushika jembe. Aliyesimama kando ya kitambaa akifasiri kwa kipaza sauti alikuwa mtu aliyesoma kidogo, mtu wa namna yangu. Mwenye kutazama na mwenye kutazamwa walikuwa mtu yule yule, na hakuna aliyemwuliza neno. Sasa mkulima wa Mutomo ameishika kamera, anasema kwa Kikamba anachokiona mwenyewe. Na waliokaa kumsikiliza ni vijana wa Nairobi wenye daftari, pamoja na karani mmoja mtoro. Kwa nini jirani zake tuwe wa mwisho kuyasikia? Nilipofika Machakos swali hilo lilikuwa limekwisha kuniondolea nusu ya furaha ya siku, na nusu iliyobaki iliondolewa na matatu ya mwisho, ambayo ilitungojesha hadi ijae.

Nilifika nyumbani saa nne za usiku. Kabla ya kubisha nilizunguka shambani na taa ya simu. Mitaro yote mitatu imezibwa, kingo zimepigwa zikakaa sawa, na mistari ya mbegu imenyoka kuliko niwezavyo mimi kuinyoosha. Pembeni palikuwa na jembe langu, safi, limeegemezwa mti. Nadhani liliachwa pale makusudi.

Mama watoto alinipakulia isyo ya mchana, iliyobaki baada ya watu kula. Nikala kimya. Kisha nikamwuliza, "Waliniulizia?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema yuko Nairobi, anamtazama mkulima akilima."

Nikaweka kijiko chini. Akaniacha hivyo kwa muda, ndipo akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na mkewe je? Walimwonyesha?" Basi nikamsimulia filamu yote tangu mwanzo, mpaka taa ikaanza kufifia, naye akanikatiza mara nyingi penye habari za Christina na mara chache sana penye habari za Paris.

Jumamosi iliyofuata mwethya ulikuwa kwa jirani wa bondeni. Nilifika kabla ya mtu yeyote. Watu walinisalimu vizuri mno, salamu za aina ile inayouma kuliko matusi. Wakati wa kupumzika mwenyekiti akaketi juu ya ukingo wa mtaro, akaniita.

"Karani, tumezungumza juu ya faini yako. Tumeona fedha hazifai, maana wewe una mshahara. Huyo mkulima uliyekwenda kumtazama, anasema lugha gani?"

"Kikamba, Mama. Ni mtu wa Mutomo."

"Na alipokwenda safari, shamba lake lililimwa na nani?"

Nikamweleza niliyoyajua. Wanawake waliokuwa karibu wakaguna wote pamoja.

"Basi faini yako ni hiyo," akasema. "Mlete hapa. Tumtazame sote, na mkewe tumwone."

Nimeanza kulipa. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali siwezi kuonyesha filamu hadharani kwa siri: sheria ya filamu, Sura ya 222, ataka kibali, na wenye filamu nao lazima waombwe. Barua mbili nimekwisha kuzituma, moja kwa wenye filamu na moja kwa wenye kutoa vibali, zote kwa maandishi mazuri kabisa ya ofisini. Projekta nitaazima kwa mwalimu mmoja rafiki yangu, ambaye ametoa sharti la kukaa mbele.

Mvua nayo imeanza. Ilinyesha usiku wa Jumanne, ikaendelea hadi alfajiri bila upepo, na mitaro ikayashika maji yote. Mahindi yameota, na ndengu pia. Nikipita hapo asubuhi nikienda kazini natembea polepole.

Tumekubaliana kwamba filamu itaonyeshwa baada ya palizi, ukutani mwa shule, na mvua ikizidi tutaingia darasani. Mwenyekiti ametoa shuka yake nyeupe ya kutundika, ameifua na kuipiga pasi, na ameniagiza jambo moja tu: watoto wasikae nyuma yake.

Habari za ndengu, juma lijalo.